Barafu ya Rwenzori na Maji ya Mubuku

Wanafunzi wetu wengi huandika katika insha zao kwamba barafu ya Rwenzori ikiisha, mito itakauka. Utafiti hausemi hivyo. Mwaka 1906 barafu ya milima hiyo, iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 7.5 hivi, kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Hata hivyo, wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Makerere, walipopima mto Mubuku waliona kuwa maji yatokanayo na barafu hayafiki asilimia 2 ya maji yanayopita chini ya mlima. Yaliyosalia ni ya mvua. Kuhusu chanzo, wengine wanataja kuongezeka kwa joto, wengine kupungua kwa unyevu hewani.

Hasara iliyo karibu zaidi nasi ni ya lugha. Wakonzo huita theluji 'nzururu', na ndiko lilikotoka jina la ufalme wao, Rwenzururu. (Hata 'barafu' yetu ilitoka Uajemi, ambako humaanisha theluji!) Watoto wa Kasese watafafanuliwaje neno hilo, mlima ukiwa mwamba mtupu?