Silaha ya marehemu: toa taarifa kwanza, usiibebe

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Matanga yamekwisha na wageni wameondoka. Familia inapopanga vitu vya marehemu baba, inakuta bunduki nyuma ya kabati, au gobore lililofungwa gunia darini. Kijana mkubwa wa nyumba, kwa nia njema kabisa, analitia kwenye kiroba, anapanda bodaboda na kuelekea kituo cha polisi ili alikabidhi. Njiani anasimamishwa na kiroba kinafunguliwa. Hana leseni, hana barua, wala hana shahidi wa kueleza alikokuwa akienda.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kijana huyo, kabla hajapanda bodaboda.

Leseni ni ya mtu, si ya nyumba

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza mtu kuwa na silaha au risasi bila leseni. Leseni hutolewa kwa mtu aliyetajwa kwa jina. Haimhusu mke wake, mtoto wake wala dereva wake. Mwenye leseni anapofariki, bunduki inaweza kuhesabiwa miongoni mwa mali zake, lakini idhini ya kuishika hairithiwi. Gobore nalo ni silaha mbele ya sheria, hata kama lilitengenezwa na mhunzi wa kijijini na kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe shambani.

Kosa hili si dogo. Mashitaka ya kukutwa na silaha isivyo halali hufunguliwa sambamba na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na anayetiwa hatiani anaweza kuhukumiwa kifungo cha kati ya miaka 20 na 30. Kwa sababu hiyo, hata mwenye leseni halali anayepeleka bunduki yake kwenye uwanja wa kulenga shabaha anapaswa kuibeba mwenyewe, ikiwa haina risasi ndani, huku leseni yake ikiwa mkononi. Ikiwa mwenye leseni anahitaji uangalifu huo, asiye na leseni anauhitaji zaidi.

Hatua za kufuata

Kwanza, iacheni silaha mahali ilipo. Fungeni chumba na wawekeni watoto mbali. Msijaribu kuifungua wala kufyatua ili kuhakikisha kama ni tupu. Gobore linaweza kukaa miaka mingi na baruti ndani ya mtutu bila mtu kufahamu.

Pili, toeni taarifa mikono mitupu. Mwoneni Mwenyekiti wa Kijiji au Mtaa, Mtendaji wa Kata, au Polisi Kata, kisha mfike kituo cha polisi. Chukueni kitambulisho cha anayetoa taarifa, cheti cha kifo au kibali cha mazishi, barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji, na leseni ya marehemu ikiwa imepatikana. Silaha ibaki nyumbani.

Tatu, waachieni polisi waamue namna ya kuihamisha. Wanaweza kuja kuichukua wenyewe au kumtuma askari afuatane nanyi. Wakielekeza kwamba mwanafamilia ailete, ombeni maelekezo hayo kwa maandishi, yakiwa na jina la mbebaji, aina ya silaha na siku ya safari. Bila karatasi hiyo, asiondoke mtu na silaha nyumbani.

Nne, dai hati ya makabidhiano inayoonesha aina ya silaha, namba yake ikiwa ipo, na idadi ya risasi. Itunzeni pamoja na nyaraka za mirathi.

Baada ya makabidhiano

Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ataitaja silaha hiyo katika orodha ya mali. Mrithi anayetaka kuimiliki ataomba leseni kwa jina lake. Maombi huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa, kwa kuwa ndio wanaojua mwenendo wa mwombaji, hupita katika kamati za ulinzi na usalama, na hatimaye hufika kwa Msajili wa Silaha. Halmashauri haitoi leseni ya silaha. Mtu yeyote anayedai malipo kwa ahadi ya kuipata kupitia ofisi zetu aripotiwe.

Ikiwa marehemu hakuwa na leseni

Hapa ndipo familia nyingi huogopa na kunyamaza, na silaha hubaki darini hadi iibwe au mtoto aiguse. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu. Nchini mwetu Serikali imewahi kutangaza msamaha wa namna hiyo. Fuatilieni matangazo ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Nje ya kipindi cha msamaha, familia yenye hofu imwone wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kufika polisi. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri itawaelekeza walipo.

Ndugu mwananchi, ukikuta silaha usiyo na leseni nayo, kinachotakiwa kutoka nyumbani kwanza ni taarifa. Silaha itafuata, mikononi mwa aliyeidhinishwa.