Nusu ekari Karen: hesabu iliyo nyuma ya bei

Kama kilomita 17 kutoka katikati ya Nairobi, Barabara ya Langata inakutana na Barabara ya Ngong kwenye mzunguko wa Karen. Hapo pana benki, maduka ya dawa, supamaketi, na abiria wanaosubiri matatu za namba 24 na 111. Ukitembea dakika kumi kutoka kwenye mzunguko, maduka yanakwisha. Unabaki na njia nyembamba, ua wa michongoma, geti la chuma na nyumba ambayo huioni kutoka barabarani. Wakala wa mauzo atakutajia bei ya nyumba hiyo kana kwamba ni namba moja. Ndani yake mna namba kadhaa, na mojawapo ni utabiri wa bei ya ardhi ambao mnunuzi huukubali bila kuulizwa.

Tuchukue mfano mmoja tuushikilie mpaka mwisho: nyumba ya vyumba vinne vya kulala kwenye nusu ekari, inayouzwa shilingi milioni 70. Milioni 35 tuzihesabu kuwa za ardhi, na milioni 35 za jengo. Namba hizi nimezichagua kwa ajili ya hesabu. Mwenye bei halisi mkononi aweke yake. Njia ya kukokotoa haibadiliki.

Tuanze na gharama za siku ya kununua. Ushuru wa stempu, yaani ule unaolipwa serikalini ili hati ihamishwe jina, ni asilimia 4 ya thamani ndani ya miji na asilimia 2 nje yake. Karen imo ndani ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, kwa hiyo ni milioni 2.8. Nyumba ya bei hiyohiyo nje ya mipaka ya mji ingelipiwa milioni 1.4. Wakili tumkadirie asilimia 1.5, yaani shilingi 1,050,000, na juu yake ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 16, ambao ni shilingi 168,000. Tuweke 200,000 za mthamini, mpimaji na upekuzi wa hati. Jumla ni shilingi 4,218,000, au asilimia 6 ya bei. Fedha hizi hazirudi hata ukiiuza nyumba mwezi unaofuata.

Ushuru wa stempu una jambo moja linalowashangaza wengi. Msingi wake ni thamani anayoikubali mthamini wa serikali, na makubaliano yenu na muuzaji hayamfungi. Mkikubaliana milioni 70 naye akasema 76, utalipa milioni 3.04, nyongeza ya shilingi 240,000 ambayo haimo kwenye mkataba wowote uliotia sahihi.

Sasa tuangalie mkopo. Tuseme una asilimia 30 ya bei, milioni 21, na benki inakupa milioni 49 kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20. Malipo ya kila mwezi ni takriban shilingi 609,300. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 571,700 ni riba, na shilingi 37,600 tu ndizo zinazopunguza deni. Baada ya miezi 240 utakuwa umeilipa benki milioni 146.2 kwa mkopo wa milioni 49. Riba ikishuka hadi asilimia 12, malipo yanakuwa shilingi 539,500, nafuu ya karibu shilingi 70,000 kwa mwezi. Lakini riba za nyumba nchini Kenya kwa kawaida hubadilika, kwa hiyo jedwali unalopewa na benki siku ya kwanza linaonyesha hali ya siku hiyo tu.

Serikali inampa mwenye mkopo wa nyumba anamoishi nafuu ya ushuru wa mapato. Kiwango cha riba kinachoruhusiwa kuondolewa kwenye mapato kilipandishwa mwishoni mwa 2024 kutoka shilingi 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Katika mfano wetu, riba ya mwaka wa kwanza ni takriban milioni 6.83. Nafuu inagusa asilimia 5.3 ya riba hiyo, na kwa anayetozwa asilimia 30 inaokoa shilingi 108,000 kwa mwaka. Hazifiki hata malipo ya siku sita za mkopo.

Kwa kipimo cha kitaifa, Benki Kuu ilihesabu mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 nchini kote mwishoni mwa 2023, na wastani wa mkopo ulikuwa kama milioni 9. Sensa ya 2019 ilipata kaya milioni 12.1. Hiyo ni kaya moja katika kila 400. Mkopo wa mfano wetu ni zaidi ya mara tano ya wastani huo, na kwa anayetenga nusu ya mshahara wake kulipa deni, unahitaji mshahara wa milioni 1.2 mkononi kila mwezi. Kwa hiyo anayesoma uchambuzi huu kwa nia ya kununua huenda ana fedha taslimu, au ana nyumba nyingine ya kuuza. Kuanzia hapa nitamfikiria huyo.

Fedha taslimu pia zina gharama, ila hakuna anayekutumia ankara. Milioni 74.2, yaani bei pamoja na gharama za kuhamisha, zikiwekwa mahali panapotoa asilimia 10 baada ya ushuru, zingeleta milioni 7.42 kwa mwaka. Asilimia 10 ni dhana yangu. Hatifungani za serikali zimewahi kutoa zaidi ya hapo kwa mbali: ya miundombinu iliyouzwa Februari 2024 ilitoa asilimia 18.46 bila ushuru. Kiwango hicho kilikuwa cha wakati wa dhiki, na si haki kukitumia kama kipimo cha miaka 20.

Upande wa pili wa mizani ni kodi ya pango unayoiepuka. Tuseme nyumba hiyohiyo ingepangishwa kwa shilingi 280,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 3.36, sawa na asilimia 4.8 ya bei.

Wengi hapa huongeza walinzi wawili, mtunza bustani, umeme wa akiba na lori la kunyonya tangi la maji taka, kisha husema kumiliki ni ghali. Si sahihi. Mpangaji wa nyumba kama hiyo kwa kawaida naye hulipa walinzi na mtunza bustani. Tunachopaswa kuhesabu ni kile kinachomwangukia mwenye nyumba peke yake: ukarabati, tuukadirie asilimia 1 ya thamani ya jengo, shilingi 350,000, na ada ya ardhi ya kaunti, ambayo kwa kiwango cha asilimia 0.115 kilichoanza kutumika 2023 ni shilingi 40,250 kwa ardhi ya milioni 35. Ongeza bima, na uchakavu wa pampu na tangi. Tuseme 600,000 kwa mwaka.

Maji yanastahili hesabu yao wenyewe, kwa sababu ndiyo yanayowatoa watu jasho Karen. Maji ya jiji yamekuwa yakitolewa kwa mgao tangu 2017. Familia ya watu watano wanaotumia lita 150 kila mmoja inahitaji lita 22,500 kwa mwezi, na bauza mbili au tatu za lita 10,000 zinatosha. Nusu ekari, hata hivyo, ni mita za mraba 2,023. Ukiwa na mita 1,200 za nyasi na ukazimwagilia milimita 4 kwa siku wakati wa kiangazi, zinakunywa lita 4,800 kila siku, au 144,000 kwa mwezi. Bustani inakunywa mara sita ya familia. Kisima cha kuchimbwa kwa mashine, chenye kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kinapokadiriwa kwenye bajeti ya mnunuzi, kwa sehemu kubwa ni gharama ya nyasi. Anayekubali nyasi zikauke Januari na Februari anaweza kuishi bila kisima.

Tukusanye sasa. Milioni 7.42 zilizokosekana, jumlisha 0.6 za matunzo, toa 3.36 za kodi iliyoepukwa: inabaki milioni 4.66 kwa mwaka. Hicho ndicho kiasi ambacho thamani ya nyumba inapaswa kupanda katika mwaka wa kwanza ili mnunuzi awe sawa na jirani yake anayepanga. Ni asilimia 6.7 ya milioni 70. Lakini jengo huchakaa. Ikiwa thamani ya jengo inasimama palepale, ardhi peke yake ndiyo inayobeba mzigo, na kwake milioni 4.66 ni asilimia 13.3.

Je, ardhi ya Karen hupanda hivyo? Kuna namba moja ya hadharani ya kuijaribia. Mwaka 2014 mzozo wa ekari 134 za Karen ulijaa magazetini, na thamani iliyotajwa ilikuwa takriban bilioni 8. Gawanya: milioni 59.7 kwa ekari. Thamani ya magazeti si ya mthamini, na huenda ilitiwa chumvi. Hata hivyo, bei hiyo ikipanda asilimia 13.3 kila mwaka kwa miaka 10, inafika milioni 208 kwa ekari. Kwa ardhi ya makazi ya nusu ekari Karen, sijasikia bei inayokaribia hapo.

Kuhusu ukaribu na maduka, mawakala huongeza bei kwa uhakika mkubwa. Tuseme kuwa karibu na mzunguko badala ya kilomita 3.5 ndani kunaongeza asilimia 10, milioni 7. Safari mbili za kwenda na kurudi kila siku ni kilomita 14, au 5,110 kwa mwaka. Kwa shilingi 40 kwa kilomita unaokoa shilingi 204,400. Milioni 7 kwa asilimia 10 zingekupa 700,000. Petroli haielezi tofauti hiyo. Muda, na watoto wanaoweza kwenda dukani kwa miguu, huenda vikaieleza.

Kuna dhana moja ambayo haimo kwenye ankara yoyote: kwamba jirani hatajenga. Shamba la kahawa la mwandishi Karen Blixen, lenye ekari zipatazo 6,000 ambazo 600 tu zilikuwa za kahawa, liliuzwa 1931, na mnunuzi wake alilikata vipande vya ekari 20. Kwa kanuni ya mtaa huu, kwamba kila nyumba iwe na kiwanja kisichopungua nusu ekari, kipande kimoja kama hicho kinabeba nyumba 40. Kwa nyumba nane kwa ekari, kinabeba 160. Kanuni hiyo ina sababu ya kiufundi: sehemu kubwa ya Karen haina mabomba ya maji taka, na kila kiwanja lazima kiwe na nafasi ya kufyonza yake. Chama cha wakazi wa Karen na Langata kimekuwa kikiitetea kwa miaka mingi. Ikilegezwa, mjenzi anayeweza kuweka nyumba nne kwenye nusu ekari ya milioni 35 analipa milioni 8.75 tu za ardhi kwa kila nyumba, na anaweza kumudu bei ya juu zaidi. Ardhi yako itapanda kwa sababu ileile inayokuondolea utulivu ulioununua. Anayetegemea vyote viwili, bei ipande na mtaa ubaki ulivyo, anahesabu faida mbili ambazo ni vigumu kuja pamoja.

Ukiuza, faida hutozwa asilimia 15 tangu Januari 2023, isipokuwa nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuuza. Kwa anayenunua ili akae, hili halimgusi.

Tugeuze swali: ikiwa nyumba yote itapanda asilimia 5 kwa mwaka, bei gani inamfanya mnunuzi awe sawa na mpangaji? Kwa dhana zetu zilezile, ni milioni 49.3. Zinazosalia mpaka 70, milioni 20.7, ni za vitu ambavyo jedwali halivioni: miti mikubwa, na hakika kwamba hakuna mwenye nyumba atakayekupa notisi ya kuhama. Atakayekaa hapo miaka 25 anaweza kuvilipia kwa haki kabisa. Lakini kodi ya pango ikiwa 350,000 badala ya 280,000, bei hiyo inaruka hadi milioni 64.3. Shilingi 70,000 za kodi kwa mwezi zimehamisha milioni 15 za bei, kwa hiyo kabla ya kujadiliana na muuzaji, waulize wapangaji watatu wa njia ileile wanalipa kiasi gani.