Mama Yake Yuko Wapi?

Mtoto wa mbwa anayeuzwa dukani huko Ohio au Florida huwa na umri wa wiki 8 hadi 12 hivi. Ameoshwa, manyoya yamechanwa, amewekwa nyuma ya kioo juu ya karatasi laini zilizokatwakatwa, na bei yake inaweza kulipwa kidogo kidogo kwa mkopo. Mteja anayempakata huamini kwamba maisha ya mnyama huyu yanaanzia hapo, kifuani pake. Wataalamu wa tabia za wanyama wamejua kwa zaidi ya miaka 60 kwamba imani hiyo si sahihi. Siku mteja anapomwona kwa mara ya kwanza, sehemu kubwa ya tabia ya mbwa huyo imekwisha kujengwa, na kinga yake ya kwanza dhidi ya maradhi amekwisha kuipata au kuikosa. Yote hayo yametokea mahali ambapo mteja hapajui, ubavuni mwa mbwa jike ambaye duka haliwezi kumwonyesha.

Mimi naona uadilifu wa biashara hii unapimwa kwa jike huyo kabla ya kupimwa kwa kitu kingine chochote. Duka linaweza kung'aa, wahudumu wanaweza kuwa wapole na wanaopenda wanyama kweli. Swali linabaki palepale: mama yake yuko wapi?

Mara nyingi yuko mamia ya kilomita kutoka dukani, kwenye shamba huko Missouri, Iowa au Kansas. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakulima wa majimbo ya kati ya Marekani walitafuta kipato cha kuongezea mazao yaliyokuwa yakiwaangusha, na baadhi yao waligeuza mabanda ya kuku kuwa mabanda ya kuzalishia mbwa. Mfumo uliokua kutokana na hapo unaendelea hadi leo: mzalishaji humuuzia dalali kwa jumla, dalali hupakia watoto kutoka mashamba mbalimbali kwenye lori moja, na lori husambaza kwa maduka. Wanaoupinga wameyaita mashamba haya viwanda vya watoto wa mbwa, na jina linayafaa, kwa kuwa jike humo huhesabiwa kwa idadi ya anaowatoa.

Maduka hujitetea kwamba wazalishaji wao wana leseni ya Wizara ya Kilimo ya Marekani na hukaguliwa. Ni kweli, wengi wanayo. Lakini inafaa kusoma leseni hiyo inadai nini. Sheria ya ustawi wa wanyama ilipitishwa mwaka 1966, baada ya wananchi kughadhibika kwa habari za mbwa walioibwa majumbani na kuuzwa kwa maabara. Wazalishaji wa jumla wa wanyama vipenzi waliingizwa ndani yake kwa marekebisho ya mwaka 1970. Kwa kanuni zake, eneo la sakafu la kizimba hupatikana kwa kumpima mbwa kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia, kuongeza inchi 6, kisha kuzidisha jumla hiyo kwa yenyewe. Mbwa mwenye urefu wa sentimita 50 anastahili, kisheria, mraba wa sentimita 65 kwa 65 hivi. Kimo ni inchi 6 juu ya kichwa chake. Sakafu inaweza kuwa ya nyavu za waya. Hakuna kikomo cha idadi ya mbwa ambao mtu mmoja anaweza kuwafuga, wala kikomo cha mara ngapi jike azae. Mtu anaweza kutimiza yote hayo barabara, akapita ukaguzi, na jike wake akaishi miaka mingi bila kukanyaga nyasi.

Jike huingia kwenye joto takribani kila baada ya miezi 6 hadi 7, na hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Akipandishwa kila joto, mwili wake haupati nafasi ya kurudi katika hali yake kati ya kunyonyesha na mimba nyingine. Mwenye shamba hufanya hesabu ya gharama, na hesabu hiyo humwambia amwondoe jike pale idadi ya watoto wake inapoanza kushuka. Mwaka 2011 mtafiti Frank McMillan na wenzake walichapisha utafiti kuhusu majike na madume 1,169 waliotolewa kwenye mashamba ya namna hii na kupewa familia. Hata baada ya kukaa katika nyumba zenye upendo, wengi wao bado waliwaogopa watu wasiowajua, waliogopa ngazi na sauti za kawaida za nyumbani, walikataa kushikwa, na wengine walizunguka mahali pamoja au kukodolea macho ukutani zaidi kuliko mbwa wa kawaida. Hawakuwa wakali. Ukali wao ulikuwa chini kuliko wa mbwa wengine. Walikuwa wamevunjika tu.

Hofu ya mama haiishii kwake. Katika wanyama wanyonyeshao waliochunguzwa, homoni za msongo za mama humfikia mtoto aliye tumboni na kuathiri jinsi mwili wake utakavyoitikia hatari baada ya kuzaliwa. Kisha huja maziwa. Mtoto wa mbwa hupata sehemu kubwa ya kingamwili zake kupitia maziwa ya dang'a katika saa 24 za mwanzo. Mama dhaifu au asiyechanjwa ana kidogo cha kumpa.

Baada ya hapo linafunguka dirisha ambalo ndilo kiini cha jambo lote. Tangu miaka ya 1940 John Paul Scott na John Fuller waliwachunguza mbwa katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine. Walifuga aina 5, mojawapo ikiwa basenji, yule mbwa wa misitu ya Kongo asiyebweka kama wengine. Kitabu chao cha mwaka 1965 kilieleza kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, ubongo wa mtoto wa mbwa huwa tayari kuyapokea mambo mapya na kuyaweka katika orodha ya mambo salama: watu, watoto, mbwa wengine, kelele za sufuria, mvua, gari. Dirisha likishafungwa, kile ambacho hakimo kwenye orodha huelekea kuogopwa. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walikuwa wameonyesha ukubwa wa jambo hili kwa jaribio gumu kulisikia. Waliwalea watoto wa mbwa kwenye uwanja uliozungushiwa ua, wadogo hao wakilishwa bila kumwona mtu. Baadhi walitolewa kwa wiki moja tu wakiwa na umri tofauti tofauti ili wazoeane na binadamu. Waliotolewa kati ya wiki ya 5 na ya 9 walizoea vizuri. Wale ambao hawakutolewa kabisa, walipofika wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na juhudi za baadaye za kuwafuga hazikufua dafu. Damu yao ilikuwa ileile ya wenzao.

Sasa linganisha kalenda hiyo na kalenda ya biashara. Sheria ya Marekani hairuhusu mtoto wa mbwa kusafirishwa kibiashara kabla ya wiki 8. Kwa hiyo tangu wiki ya 3 hadi ya 8 yuko kizimbani shambani, mikono ya watu ikimfikia kwa haraka wakati wa kulisha na kusafisha. Wiki zinazofuata ni za lori, ghala la dalali, na kioo cha duka. Karibu dirisha lote la kuizoea dunia linapita akiwa hayumo katika maisha ya nyumba yoyote. Hata usafi wa nyumbani huharibikia hapo. Mtoto wa mbwa akiwa na wiki 3 hivi huanza mwenyewe kutoka kwenye malalo ili ajisaidie mbali. Aliyefungiwa mahali pasipo na mbali hujifunza kulala kwenye uchafu wake, na mazoea hayo humfuata hadi kwenye zulia la mnunuzi.

Mwaka 2013 McMillan, James Serpell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzao walilinganisha mbwa 413 walionunuliwa madukani wakiwa wadogo na 5,657 waliotoka kwa wafugaji wadogo wasio wa kibiashara. Katika vipimo 12 kati ya 14 vya tabia, mbwa wa dukani walikuwa na hali mbaya zaidi. Hapakuwa na kipimo hata kimoja walichofanya vizuri kuliko wenzao. Mbwa wa dukani wasiohasiwa walikuwa na uwezekano mara 3 zaidi wa kuonyesha ukali kwa wamiliki wao. Uchunguzi wa aina hii unategemea majibu ya wamiliki, na huenda anayenunua dukani humlea mbwa tofauti na anayesubiri miezi kwa mfugaji. Pia McMillan alikuwa akifanya kazi na shirika la uokoaji wa wanyama, jambo ambalo msomaji ana haki ya kulijua. Watafiti walijaribu kuzirekebisha baadhi ya tofauti hizo, na matokeo hayakubadilika mwelekeo. Yakiwekwa pamoja na majaribio ya Maine, mimi nayaamini.

Kuna anayeweza kusema haya ni mambo ya wapenda mbwa, yeye hafugi mbwa wala hapendi kuguswa naye. Habari ya dawa inamhusu hata yeye. Kingamwili za dang'a hupungua mwilini kati ya wiki ya 6 na ya 16, kila mtoto kwa wakati wake. Zikiwa bado nyingi, huizuia chanjo isifanye kazi. Zikishapungua kabla chanjo haijashika, mtoto hubaki wazi. Katika pengo hilo ndimo virusi vya parvo huingia, virusi vilivyojitokeza mwaka 1978 na kuenea duniani kote ndani ya miaka 2, na ambavyo huweza kuishi miezi kwenye sakafu na nguo. Biashara ya mbwa huwachanganya watoto kutoka mashamba mengi ndani ya lori moja katika wiki zilezile za pengo. Ili wasiharishe na kukohoa mbele ya wateja, hupewa viuavijasumu.

Matokeo yalionekana kati ya mwaka 2016 na 2018, watu zaidi ya 100 katika majimbo kadhaa ya Marekani walipougua kuhara kulikosababishwa na bakteria aina ya kampilobakta. CDC, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, ilifuatilia chanzo hadi kwa watoto wa mbwa wa madukani. Wagonjwa wengi walikuwa wateja na wafanyakazi wa maduka hayo. Bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa ambazo madaktari hutegemea kuwatibu. Wachunguzi walipoangalia kumbukumbu za watoto wa mbwa 149, walikuta 142 wamepewa viuavijasumu angalau mara moja. Usugu wa namna hiyo hauulizi nani anafuga mbwa na nani hafugi.

Uingereza ilijaribu kulikata jambo hili kwenye mzizi. Mwaka 2013 jike mmoja aina ya Cavalier King Charles, aliyekuja kuitwa Lucy, aliokolewa kwenye shamba la uzalishaji huko Wales. Uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda kwa kukaa kizimbani, nyonga zimeharibika, manyoya yamenyonyoka. Alikufa mwaka 2016. Daktari wa mifugo Marc Abraham aliongoza kampeni iliyobeba jina la jike huyo, na tarehe 6 Aprili 2020 Sheria ya Lucy ilianza kutumika England: hakuna duka wala dalali anayeruhusiwa kuuza mtoto wa mbwa au paka aliye chini ya miezi 6 ambaye hakumzalisha mwenyewe, na mnunuzi lazima amwone mtoto akiwa na mama yake mahali alipozaliwa. Naipenda sheria hii kwa sababu imemweka mama katikati. California ilitangulia kwa njia nyingine: tangu Januari 2019 maduka yake huruhusiwa kutoa mbwa wa makazi ya wanyama au wa mashirika ya uokoaji tu. Ufaransa ilipiga marufuku uuzaji wa mbwa na paka madukani tangu Januari 2024, na New York ikafuata Desemba mwaka huohuo.

Palipo na maduka bado, watu wema wengi hununua ili kuokoa. Wamemwona yule mdogo kuliko wote, anayetetemeka kwenye kona, wakashindwa kumwacha. Huruma hiyo ni ya kweli na siibezi. Lakini duka halina njia ya kutofautisha pesa ya huruma na pesa nyingine. Kizimba kilichoachwa wazi ni oda mpya kwa dalali, na oda ya dalali ni mimba nyingine kwa jike yuleyule.

Na kufunga maduka hakujaifunga biashara. Imehamia kwenye simu, na huku kwetu haikuwahi kuhitaji kioo. Nairobi watoto wa mbwa hushikiliwa mikononi kando ya barabara, mbele ya madirisha ya magari, na mnunuzi haambiwi chochote kuhusu walikotoka wala chanjo zao. Uingereza nako walanguzi wamejifunza kuazima jike na kumkalisha kando ya watoto wasio wake ili mteja aridhike.

Jike wa kuazimwa hutambulika. Mama anayenyonyesha, au aliyeachisha majuzi, ana chuchu zilizovimba na kuning'inia, na watoto humkimbilia na kujipenyeza tumboni mwake. Jike asiye mama yao hukaa mbali, huwakoromea wakimsogelea, na tumbo lake limenywea. Omba kuona wanapolala, nenda mara mbili, na angalia jike anavyomkaribia mwenye nyumba. Mfugaji mwema atakuhoji wewe kuliko utakavyomhoji: unaishi wapi, nani atabaki na mbwa mchana, umewahi kufuga. Atataka pia muandikiane kwamba ukishindwa kumtunza, hata baada ya miaka 5, mbwa anarudi kwake.