Shujaa wa kale katika daftari la mtoto

Je, msomaji, umewahi kumpa mtoto penseli na karatasi tupu, ukamwambia akuchoree shujaa wa zamani, kisha ukangoja uone atakacholeta? Jaribu Jumapili hii baada ya chakula cha mchana. Mimi nilijaribu mjini Voi, nyumbani kwa kaka yangu, siku moja ya likizo ambapo jua lilikuwa kali hata mbuzi wa jirani wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta.

Binti yake wa miaka 11 aliniletea mtu aliyevikwa chuma kuanzia utosini hadi unyayoni, amepanda farasi, mkononi ana upanga mrefu.

"Huyu ni nani?" nikamwuliza.

"Fumo Liyongo, shangazi."

Nilicheka, halafu nikaona haya. Mtoto hana kosa. Mfalme Arthur na askari wake amewaona mara nyingi kwenye televisheni, na anajua hata upanga wao uling'aa vipi. Liyongo amemsikia tu darasani. Sasa wewe ulitaka amvike nini?

Basi tuliketi mkekani nikamsimulia upya, safari hii nikisisitiza vitu ambavyo jicho linaweza kuvishika. Liyongo ni mtu wa pwani, wa nchi ya Pate na Ozi. Wataalamu hawajakubaliana aliishi karne gani, lakini masimulizi yake ni ya kale sana, na Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyaandika kwa utenzi mwaka wa 1913. Alikuwa pande la mtu, mpiga mishale na malenga. Mfalme wa Pate alimwogopa, akaamua auawe.

Wenzake walimwalika kula kikoa cha makoma, kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake aangushe matunda. Shauri lao lilikuwa kwamba Liyongo akishafika juu, wammiminie mishale. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alichukua upinde akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini, nao wakabaki wanatazamana.

Hapo mtoto akadakia, "Mikoma naijua! Iko kule mtoni Tsavo." Naam. Mti wa hadithi ya kale ya Pate unamea katika kaunti yake mwenyewe, naye hajawahi kuambiwa. Farasi akafutwa kwa raba papo hapo.

Nikaendelea. Alipofungwa gerezani, mamake alimpelekea mkate wa makapi, ndani yake mna tupa. Usiku wa ngoma ya gungu, matari na matasa yakilia, akakata pingu zake bila kusikika. Hatimaye aliuawa na mwanawe wa kumzaa, aliyehongwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, kwani ni hiyo tu iliyoweza kumwua. Liyongo akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale upindeni, akafa hivyo hivyo. Watu walikaa siku kadhaa bila kuteka maji, wakidhani yu hai.

Ukitaka kuona jinsi binadamu wanavyofanana, msimulie mtoto wako na wengine. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, lakini uhai wake ulikuwa kivulini. Siegfried wa Wajerumani, ambaye utenzi wake uliandikwa yapata mwaka wa 1200, alioga damu ya joka akawa hapenyeki, ila jani lilimwangukia mgongoni, na hapo palipofunikwa ndipo mkuki ulipopita. Wote hao siri yao ilitolewa na mtu wa nyumbani. Binti wa kaka yangu alitulia kidogo, kisha akauliza kwa nini haikuwa adui hata mara moja. Sikuwa na jibu, nikamtuma maji.

Kuhusu picha, sisi Wakenya si maskini. Wazazi wa umri wangu watakumbuka mfululizo wa Pichadithi wa miaka ya 1980, ambamo Terry Hirst na wenzake waligeuza ngano zetu kuwa vitabu vya katuni. Lwanda Magere alikuwa mmojawapo. Frank Odoi, aliyezaliwa Ghana na kufariki Nairobi mwaka wa 2012, alituchorea Akokhan. Ukiiona nakala kwa wauza vitabu vikuukuu, usibishane sana bei. Nunua.

Ila picha hupotosha pia. Chukua simba wa Tsavo. Mwaka wa 1898 simba wawili waliwala vibarua waliokuwa wakijenga daraja la reli, mwendo mfupi tu kutoka Voi, mpaka mhandisi J. H. Patterson alipowapiga risasi mwezi wa Desemba. Yeye alidai walikula watu 135. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2009 ulikadiria 35. Hollywood wakaitengeneza filamu yake mwaka wa 1996, wakaipigia Afrika Kusini, na simba wao wana manyoya mengi shingoni kama yule wa kwenye nembo. Simba wenyewe, ambao wako katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ni madume yasiyo na manyoya hayo. Mtoto wa Voi akichora simba wa Tsavo mwenye shungi, ujue amenakili filamu wala hakutazama kwao.

Na kwao kuna mengi. Kuna Mwangeka wa Mwanda, aliyepambana na watu wa kampuni ya Waingereza milimani Taita akauawa mwaka wa 1892. Upande wa Maktau wanasimulia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu akidungua askari wakati wa Vita vya Kwanza. Sijui ni nani amewahi kumchora.

Na liko ziwa Chala, juu ya Taveta, ndani ya shimo la volkano mpakani na Tanzania. Mmisionari Charles New alipofika huko mwaka wa 1871 aliambiwa kwamba palikuwa na manyatta ya Wamaasai iliyozama, na kwamba mara nyingine husikika sauti za ng'ombe kutoka chini ya maji.

Hadithi hiyo ndiyo inayonikereketa. Baba yangu aliijua yote, nani alizama, nani alinusurika na kwa nini. Alimsimulia mjukuu wake kabla hajafariki, naye akaichora kurasa tisa nyuma ya daftari la hesabu. Mwalimu mmoja akaliona daftari, akasema ni uchafu, kurasa zikachanwa. Mtoto hakumwambia mtu mpaka baada ya matanga. Nimemwuliza anakumbuka nini, anasema anazikumbuka zile picha, lakini maneno ya babu yamechanganyika na ya filamu. Mzazi, kabla hujaadhibu daftari lililochorwa, lifungue kwanza usome.

Aliyebaki ni mama yangu, aliyezaliwa Taveta, na macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Picha haoni. Jioni ile tulimketisha uani, mjukuu akawa anamweleza anachochora, mstari kwa mstari, naye anasahihisha.

"Nimechora nyumba kumi, nyanya."

"Za mabati?"

"Hapana, za udongo, fupi."

"Haya. Moshi umeweka?"

"Bado."

"Weka moshi. Ilikuwa jioni, watu wanapika. Na mwanamke mmoja yuko mlangoni, amesimama."

"Anafanya nini?"

Mama alinyamaza muda mrefu, akikuna goti. "Hilo babu yako ndiye aliyekuwa akilisema," akajibu. "Mchore tu kwanza. Huenda nikakumbuka."

Mtoto akachonga penseli upya.