Redio ya Intaneti: Isikilize Bila Kumaliza Kifurushi

Redio ya kawaida haimwulizi msikilizaji ana salio kiasi gani. Mtu akishanunua redio na betri, anaweza kuisikiliza tangu alfajiri hadi usiku, na saa ya kumi haimgharimu zaidi ya saa ya kwanza. Redio ya intaneti ina utaratibu mwingine. Kila dakika ya matangazo hukata sehemu ya kifurushi cha msikilizaji, hata pale ambapo kituo chenyewe hakitozi ada yoyote. Neno "bure" linaloandikwa kwenye programu nyingi za redio lina maana hiyo tu: kituo hakitozi, bali mtandao wa simu unatoza.

Makala haya yanawaeleza watumiaji wa Songea na Mkoa wa Ruvuma kwa jumla namna redio hii inavyofanya kazi, gharama yake, jinsi ya kuanza kuitumia na haki walizonazo.

Kwa nini watu huihitaji

Vituo vingi vya redio nchini hurusha matangazo kwa masafa ya FM, yaani kati ya megahezi 87.5 na 108. Mawimbi haya hutoa sauti safi, lakini husafiri karibu katika mstari ulionyooka na huzuiwa na vilima. Mji wa Songea umejengwa kwenye nyanda za juu, na milima ya Matogoro iko jirani. Anayesafiri kutoka mjini kupitia Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, hupita milima na mabonde mengi, na kituo alichoanza nacho safari huanza kukwaruza, kisha hupotea.

Redio ya intaneti haitegemei umbali kati ya msikilizaji na mtambo wa kituo. Mwanafunzi kutoka Songea anayesoma Dodoma anaweza kusikiliza kituo cha nyumbani, na ndugu yake aliyeko Muscat vilevile. Kwa upande mwingine, mkazi wa Namtumbo au Tunduru anaweza kupata vituo vya Dar es Salaam, Mwanza au Zanzibar, pamoja na idhaa za Kiswahili za mbali kama ile ya Deutsche Welle ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1963 na kwa miaka mingi ikasikika kwa mawimbi mafupi. Sharti ni moja: mahali alipo pawe na mtandao wa simu au intaneti nyingine.

Sauti inavyokufikia

Sauti ya mtangazaji hugeuzwa na kompyuta ya kituo kuwa data, kisha hutumwa kwenye kompyuta nyingine inayowahudumia wasikilizaji. Kutoka hapo husafiri kwa njia ya mkongo na minara ya simu hadi mkononi mwako. Katika FM, wimbi moja huwatosha watu wote walio karibu. Katika intaneti, kila msikilizaji hupelekewa nakala yake mwenyewe, na kila nakala hulipiwa na aliyeiomba.

Simu yako hukusanya kwanza akiba ya sauti ya sekunde kadhaa ndipo ianze kucheza, ili mtandao ukiyumba kidogo usisikie mkatiko. Kwa sababu hiyo, matangazo ya intaneti huchelewa nyuma ya yale ya FM, pengine kwa nusu dakika au zaidi. Usishangae jirani mwenye redio ya kawaida akishangilia bao ambalo wewe hujalisikia. Aidha, usiitumie redio ya intaneti kurekebisha saa yako.

Hesabu ya kifurushi

Kiasi cha data kinachotumika hutegemea ubora wa sauti, ambao hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Programu nyingi huonyesha namba hiyo karibu na jina la kituo au katika mipangilio. Ili kujua megabaiti zitakazotumika kwa saa moja, chukua nusu ya namba hiyo, kisha ipunguze kwa sehemu moja ya kumi. Kwa mfano:

Kilobiti 32: takriban megabaiti 14 kwa saa. Ubora huu unatosha kwa habari na mazungumzo.

Kilobiti 64: takriban megabaiti 29 kwa saa. Unafaa kwa vipindi vyenye maneno na muziki.

Kilobiti 128: takriban megabaiti 58 kwa saa. Muziki husikika vizuri zaidi.

Tuchukue mfano wa muuza mahindi anayesikiliza redio saa 3 kila siku akiwa kibandani kwake. Akitumia kilobiti 128, kwa siku 30 atatumia zaidi ya gigabaiti 5. Akisikiliza vipindi vilevile kwa kilobiti 32, atatumia gigabaiti 1.3 hivi. Tofauti hiyo ni robo tatu ya gharama, ilhali habari alizozisikia ni zilezile.

Tahadhari kubwa inahusu picha. Vituo kadhaa hurusha pia video ya studio kupitia mitandao ya kijamii. Video yenye ubora wa kawaida wa kilobiti 500 hutumia megabaiti 225 kwa saa. Kwa msikilizaji wetu wa saa 3 kwa siku, hiyo ni takriban gigabaiti 20 kwa mwezi. Ikiwa unachohitaji ni sauti, chagua sauti pekee. Kuzima mwanga wa kioo au kuifunika simu hakupunguzi data ikiwa video inaendelea kucheza.

Namna ya kuanza

1. Kagua kwanza kama simu yako ina redio ya FM ndani yake. Simu nyingi zinayo, na hutumia waya wa visikilizi kama antena. Redio hiyo haitumii data hata kidogo. Ikiwa kituo unachokipenda kinasikika kwa njia hiyo, huna haja ya kutumia kifurushi.

2. Ikiwa hakisikiki, fungua tovuti rasmi ya kituo na utafute kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, au pakua programu ya kituo kutoka duka rasmi la programu la simu yako. Usipakue programu kutoka viungo vinavyotumwa kwa ujumbe na watu usiowafahamu.

3. Soma ruhusa zinazoombwa. Programu ya kusikiliza redio haihitaji kusoma ujumbe wako mfupi wala orodha ya majina uliyohifadhi. Wala haina sababu ya kukuuliza namba ya siri ya akaunti yako ya fedha. Ikiuliza, iondoe.

4. Chagua ubora wa chini kwanza. Uongeze tu pale sauti isipokuridhisha.

5. Sikiliza kwa saa moja, kisha fungua mipangilio ya simu uone programu hiyo imetumia data kiasi gani. Kipimo hicho kitakueleza hali halisi ya matumizi yako.

6. Weka muda wa kuzima, hasa unapolala. Redio iliyoachwa usiku kucha kwa saa 8 kwenye kilobiti 128 hutumia takriban megabaiti 460 bila mtu kusikiliza. Kumbuka pia kwamba kurudi kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu hakusimamishi matangazo. Ni lazima ubonyeze kitufe cha kusimamisha.

Haki zako

Kanuni za vifurushi zilizoanza kutumika mwaka 2021 zinamtaka mtoa huduma akujulishe matumizi ya kifurushi yanapofikia asilimia 75 na yanapofikia asilimia 100. Kifurushi kikiisha, hupaswi kuhamishiwa kwenye bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Haya yana uzito mkubwa kwa msikilizaji wa redio, kwa kuwa mara nyingi simu huwa mfukoni au mezani wakati data inakatwa.

Ukiona kifurushi kimeisha kwa namna usiyoielewa, linganisha kwanza kipimo cha simu yako na taarifa za mtoa huduma. Zikitofautiana, wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma, ukitaja tarehe, saa na kifurushi ulichonunua, na uhifadhi namba ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, unaweza kulifikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kutokuwa na risiti ya karatasi kusikuzuie: ujumbe wa kuthibitisha ununuzi ni ushahidi, hivyo usiufute.

Usiitupe redio ya kawaida

Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya Bahari ya Hindi ilidhoofisha huduma ya intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo, aliyekuwa na redio ya intaneti pekee huenda akakosa hata habari zinazoeleza kwa nini hasikii kitu. Redio ya betri huendelea kupokea matangazo maadamu mtambo wa kituo unafanya kazi. Huendelea pia umeme unapokatika nyumbani, chaji ya simu inapoisha, na mvua kubwa inapoharibu mnara wa simu ulio karibu.

Tunashauri, basi, kila kaya iwe na njia zote mbili. Sikiliza kwa FM kile kinachosikika kwa FM. Tumia intaneti kwa kile ambacho milima na umbali vimekunyima. Na redio ndogo yenye betri nzima iwekwe mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua.