Kiharusi Dar es Salaam: Saa Zinazopotea Kabla ya Kufika Hospitali

Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, watafiti walifuatilia wagonjwa wapya wa kiharusi katika maeneo mawili ya Tanzania: Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na sehemu ya Jiji la Dar es Salaam. Hawakuwangoja hospitalini tu, bali waliwatafuta pia katika jamii. Utafiti huo uliongozwa na Richard Walker kutoka Uingereza, akishirikiana na wataalamu wa Tanzania, miongoni mwao Ferdinand Mugusi wa Muhimbili. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Hesabu zilipowianishwa kwa umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 316, karibu mara tatu.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, uliuliza wananchi wa maeneo hayo wanakielewaje kiharusi. Wengi wa Hai walikihusisha na shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo, na kimbilio lao la kwanza lilikuwa hospitali. Dar es Salaam wengi walikihusisha na majini au uchawi, na kimbilio la kwanza lilikuwa mganga wa jadi. Hivyo katika jiji lenye kiharusi kingi zaidi, hospitali haikuwa kimbilio la kwanza.

Kwa nini saa ni muhimu

Kiharusi ni cha aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza, damu iliyoganda huziba mshipa wa ubongo. Katika ya pili, mshipa hupasuka na damu kuvujia ndani ya ubongo. Kwa nje, wagonjwa wa aina zote mbili hufanana: uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki. Hakuna dalili inayozitenganisha kwa uhakika. Kinachozitenganisha ni picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya CT.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba. Aspirini humsaidia aliyezibwa mshipa, lakini humhatarisha anayevuja damu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Muda huo ukipita, kwa kawaida hatari yake huzidi faida. Hata mahali ambapo dawa hiyo haipatikani, kuwahi kuna faida: aspirini huanzishwa mapema kwa anayeistahili, uwezo wa kumeza hupimwa, na homa ya mapafu na vidonda vya mgongo huzuiwa.

Kwa mkazi wa Madale, katika Wilaya ya Kinondoni, safari ya kufikia kipimo hicho inaweza kuwa ndefu. Huenda akateremkia Tegeta na kufuata Barabara ya Bagamoyo kuelekea mjini, au akapitia Goba kwenda Mloganzila. Foleni peke yake humaliza sehemu kubwa ya muda. Mgonjwa aliyelazwa nyumbani mpaka asubuhi, au aliyeanzia kwa mganga, huwa ameshaupoteza wote.

La kufanya

Mtu akipinda uso ghafla, akishindwa kuinua mkono mmoja au akikwama kusema, familia iangalie saa, ikumbuke ni lini alionekana mzima mara ya mwisho, kisha impeleke hospitali. Asipewe chakula, maji wala dawa ya kumeza, kwa kuwa vinaweza kuingia mapafuni. Dua na imani hazikatazwi. Zinaweza kumsindikiza mgonjwa njiani.

Mhudumu wa zahanati apime sukari kwanza, kwani sukari ikishuka sana huweza kuiga kiharusi. Asitoe aspirini kabla ya picha ya CT, wala asishushe shinikizo la damu kwa pupa. Aandike saa ya dalili kwenye barua ya rufaa, na apige simu hospitali inayompokea mgonjwa.

Hata hivyo, kinga inazidi yote. Utafiti uliofanyika katika maeneo hayohayo na kuchapishwa mwaka 2013 ulitaja shinikizo la juu la damu, uvutaji wa sigara na maambukizi ya VVU miongoni mwa visababishi vya hatari. Shinikizo la juu kwa kawaida haliumi, na ndiyo maana wengi huacha vidonge wanapojisikia vizuri. Kliniki ya VVU ina nafasi njema ya kumpima kila mgonjwa shinikizo la damu anapofuata dawa zake. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na hakihitaji safari ya kwenda mjini.