Uvira: Kwa nini mwendo wa maji ya Tanganyika hautabiriki kwa miezi? Hesabu za 1966 zina jibu

UVIRA – Jioni mitumbwi inapotoka Kalundu na taa zake kwenda kutafuta ndagala na mukeke, kila mvuvi hujiuliza: leo maji yatatuchukua wapi?

Sehemu ya jibu inajulikana. Kati ya mwezi wa tano na wa tisa, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya moto ya juu kuelekea kaskazini, upande wa Uvira na Bujumbura. Huko kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia, maji baridi ya chini hupanda. Upepo ukitulia, matabaka hayo mawili hubembea taratibu, kwenda na kurudi, kwa muda wa wiki tatu hadi nne.

Lakini ni vigumu zaidi kujua kila tone litapita wapi, katika ziwa lenye urefu wa kilomita karibu 670 na kina cha mita 1,470. Hapo ndipo inapoingia kazi ya wanahesabu.

Mpira ukizungushwa, namba tatu tu zinatosha kueleza jinsi ulivyogeuka. Mizunguko hiyo yote kwa pamoja huitwa kundi la Lie, kwa jina la Sophus Lie, mwanahesabu wa Norway aliyefariki mwaka 1899. Sharti la kundi ni kwamba mwendo mmoja unaweza kufuatwa na mwingine, na kila mwendo unaweza kurudishwa nyuma. Aljebra ya Lie hueleza miendo midogo kabisa inayojenga ile mikubwa.

Maji pia yana kundi lake: njia zote za kuhamisha matone bila kuyabana wala kuyatanua. Ila hapa namba tatu hazitoshi, hata milioni hazitoshi. Kundi hilo halina kikomo cha vipimo.

Mwaka 1966, Vladimir Arnold wa Moscow alichapisha kwa Kifaransa, katika jarida la Annales de l'Institut Fourier, makala iliyoonyesha kwamba maji yasiyo na msuguano hufuata njia iliyonyooka kuliko zote ndani ya kundi hilo. Maji halisi yana msuguano, lakini mfano huo unafundisha jambo kubwa.

Watu wawili wakiondoka kwenye ikweta, mmoja Mbandaka na mwingine karibu na Butembo, wakaenda kaskazini bila kukata kona, watakutana Ncha ya Kaskazini, kwa sababu dunia ni mviringo. Katika kundi la maji, Arnold alikuta kwamba pande nyingi zimepinda kinyume: njia mbili zilizoanza karibu karibu huachana upesi. Ndiyo maana majani mawili yakitupwa pamoja kwenye mdomo wa Ruzizi yanaweza kufika pwani tofauti.

Arnold alitumia hesabu hiyo kwa hali ya hewa pia, kwa mfano rahisi wa pepo zinazovuma mfululizo. Alikadiria kwamba kutabiri miezi miwili mbele kunahitaji vipimo vya mwanzo vyenye usahihi mara 100,000 kuliko ule unaotakiwa kwenye jibu. Hakuna chombo kinachoweza hivyo.

Kwa wakaaji wa Uvira, jambo hili si la darasani tu. Katikati ya Aprili 2020, mvua kubwa ilijaza mto Mulongwe, ikaua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi. Hakuna hesabu ambayo ingetaja usiku huo miezi miwili kabla. Onyo linaloweza kutolewa ni la saa au siku chache, nalo linategemea vipimo vya mvua, mito na ziwa vinavyochukuliwa kila siku.

Uvira ina Centre de Recherche en Hydrobiologie (CRH), kituo kinachochunguza ziwa hili. Kipimo kisichochukuliwa leo hakiwezi kurudishwa kesho na hesabu yoyote.